Mkono wa Pole

Niseme, nisiseme? Basi tulieni.

Palikuwa na zimwi la maradhi. Lilikaa viganjani mwa watu, likahama kila waliposhikana mikono. Mfalme Shekue akafunga lango, akapiga marufuku watu kushikana mikono, akawa anawasalimu raia kwa kupuliza siwa, baragumu la kifalme, juu ya paa.

Zimwi likaja kwa sura ya waziri: "Nikubusu mkono." Akakataa. Likaja kwa sura ya jemadari: "Nikubusu mkono." Akakataa. Mama yake mfalme akafa. Likaja kwa sura ya shangazi, linalia: "Mwanangu, nipe mkono wa pole."

Mfalme akaunyoosha. Kisha akaurudisha. "Nimeshapoa, shangazi."

Zimwi likafa kwa njaa pale langoni.

Jioni mfalme akapanda kupuliza siwa, pumzi ikamkatika kwa majonzi ya mama yake. Akatazama. Juu ya kila paa, watu walikuwa wamemwinulia mikono.