Hodi Mlangoni pa Moto wa Milele

Alikuwako, katika zama ambazo hata wazee wa wazee wetu walizisikia tu, Sultani Dhulkamali, mfalme wa mji wa Bahrazini, mji wa kuba za shaba na visima vitamu, na juu ya mji ule palikuwa na mlima, na juu ya mlima alikaa Zabarajidi, naye alikuwa jini, ila watu wa Bahrazini, Mungu awasamehe, walimwita Mola wao. Na mimi siwalaumu sana, kwani alipokunjua mbawa zake adhuhuri yote iligeuka rangi ya zumaridi, na kila aliyemsujudia alipata mvua shambani na afya mwilini. Lakini asiyesujudu alitupwa katika pango la moto ubavuni mwa mlima, moto unaounguza na usioua, akae humo milele na milele.

Miongoni mwa waliotupwa humo alikuwa Mzee Shekue, mpishi wa halua, mbishi kuliko punda wa chokaa, aliyesema kwamba hamsujudii mtu ambaye yeye haijui tabia yake. Pamoja na ubishi wake alikuwa mkarimu, na hapana aliyewahi kupiga hodi kwake akangojeshwa. Alimwacha binti mmoja, Tuhfa, naye akakua akawa mzuri hata Sultani akampenda na kutaka kumwoa. Ila sheria ya mji ilikuwa kwamba mwari haolewi mpaka asujudu kwanza mbele ya Zabarajidi.

Siku ikafika, na mji mzima ukapanda mlimani. Tuhfa alipomwona Zabarajidi machozi yalimtoka bila kujijua, kwa kuwa uzuri ule haukuwa wa kusimulika. Jini akamwonyesha bustani yake, yenye mito ya asali na ndege wanaomwita mtu kwa jina lake, akamwambia kwamba akisujudu hiyo ni yake milele.

Tuhfa akauliza kwa adabu, "Ewe mtukufu, nikiwa humo bustanini, nitamsikia baba yangu?"

"Hutamsikia," akasema Zabarajidi. "Nitakuondolea kumbukumbu yake, usije ukahuzunika."

"Basi atakayestarehe humo ni nani? Maana mimi ni Tuhfa binti Shekue. Ukimtoa Shekue, hapabaki mtu."

Kadhi wa mji akaingilia kati, akaeleza kwa maneno marefu kwamba Shekue alionywa mapema, na aliyeonywa hana dai. Tuhfa akakubali kwamba alionywa, lakini akasema kosa la baba yake lilikuwa na mwanzo na mwisho, na adhabu yake haina mwisho, naye haijui mizani inayoweza kuvipima viwili hivyo. Kisha akamgeukia jini.

"Kukuogopa, nakuogopa. Kukustaajabia, wallahi nakustaajabia. Lakini nikikusujudia hali baba anaungua, nitakuwa nimeusujudia moto wako, na wewe nitakuwa nimekudanganya."

Sultani akageuza uso, na hilo mimi simsamehei mpaka leo. Zabarajidi akaamuru binti aende pangoni kwa miguu yake mwenyewe.

Akashuka, watu wakimpisha. Na alipofika penye mlango wa pango, joto likimkausha machozi, alifanya jambo ambalo mtoto aliyelelewa vyema hawezi kuacha kulifanya mlangoni pa mtu: alisimama kizingitini akasema, "Hodi."

Na kutoka katikati ya miali sauti iliyokauka ikajibu kabla mwenyewe hajafikiri, "Karibu, karibu ndani." Ndipo Shekue akaitambua sauti ile, akalia kilio cha mzazi aliyemkaribisha mwanawe motoni.

Lakini neno lilikwisha kutamkwa. Mlima ukatetemeka, kwa kuwa tangu kuumbwa kwao majini wana kanuni, kwamba anayeitikia hodi ndiye mwenye nyumba, na mpaka siku ile hapana aliyeingia pangoni kwa hodi, wote walitupwa. Moto ukanyanyuka, ukainama mbele ya mpishi wa halua, ukanena kwa lugha ya watu, "Bwana wa nyumba, niamuru."

Shekue akapangusa uso. "Punguza ukali," akasema. "Nina mgeni."

Na moto ukapungua ukawa kama makaa ya kukaangia buni, na watu wakaanza kutoka, karne kwa karne, wengine vijana wenye wajukuu wazee kuliko wao, na mji mzima ukaanguka shingoni mwao ukilia, hata hapana aliyekumbuka kutazama juu mlimani.

Zabarajidi akashuka. Uzuri wake haukupungua hata chembe. "Nani atanisujudia leo?" akauliza, akangoja. Hata Kadhi alitazama viatu vyake. Hapo jini akafahamu kwamba miaka yote ile hakuabudiwa hata mara moja, akaruka akaenda zake, na mvua ikaendelea kunyesha kama kawaida.

Sultani akaposa tena. Tuhfa akamwambia aanze kwa kuwaomba radhi waliotoka motoni, kwa kuwa alivisikia vilio vyao akiwa mezani na akaendelea kula. Akazunguka nyumba kwa nyumba. Wengi walimwia radhi, bibi mmoja akakataa katakata, na Sultani akakiri kwamba ana haki. Ndipo wakaoana, Shekue akapika halua ya mji mzima, na utajiri wao haukuwa na hesabu.

Na hapa naifunga hekaya, nanyi mlioisikia ipimeni wenyewe: anayetaka kuabudiwa na auzime kwanza moto wake, kisha ahesabu magoti yaliyobaki chini.