Mnyama wa Jabalini

Paukwa!
—Pakawa!
Palikuwa na kiangazi?
—Palikuwa, mpaka mate yakakauka!
Na kisima?
—Kimoja tu, tena kina mwenyewe!

Mwenyewe alikuwa Fisi. Hakukichimba, alikilalia tu. Kila atakaye maji alete nyama kwanza.

Swala alimlilia, "Mjomba, mimi nala majani. Nyama nitaitoa wapi?"

Fisi akamtazama mapaja. "Hiyo uliyokuja nayo yatosha."

Swala akarudi na kiu yake.

Asubuhi moja Fisi akasikia paka, paka, paka! Nguchiro, kijinyama kisichozidi mwiko, alikuwa anachora kwenye jabali mbele ya kisima. Hakufundishwa na mtu. Mkia ndio brashi, udongo mwekundu ndio rangi. Alichora kitu kidogo kama panya: kichwa cha simba, mbawa za tai, tumbo limejaa macho.

"Nani huyu?" Fisi akauliza.

"Simjui, mjomba. Mkia huchora, mimi huja kuona baadaye."

Fisi akanusa jabali. Nus, nus, nus. Udongo mtupu. Sasa mbona macho yote yanamtazama yeye?

Kesho yake mnyama alikuwa mkubwa kama mbuzi.

"Jana hakuwa hivi!"

"Kweli, mjomba. Jana alikuwa mbali."

Manyoya ya Fisi yakasimama. Akamkazia Nguchiro jicho. "Wewe unanichezea. Futa!"

"Nafuta, mjomba. Lakini nikimfuta, tutajuaje amefika wapi?"

Fisi akawaza, akawazua. "Basi mwache."

Akashinda akimchungulia yule mnyama kwa jicho la pembeni. Akala anageuka, akalala jicho wazi. Kulipokucha, mnyama alikuwa kama nyati. Fisi akahamia nyuma ya kisima. Nus, nus, nus. Udongo ule ule. Hakuuamini.

Siku iliyofuata jabali zima lilikuwa jekundu, meno yamelizunguka pembeni.

"Leo yuko wapi? Simwoni!"

"Amefika, mjomba," Nguchiro akanong'ona. "Hilo ni koo."

Tifu, tifu, tifu! Fisi akatimka, vumbi likabaki linamtafuta.

Swala akaja na mwanawe. Wakanywa, bugu, bugu, bugu. Nguchiro akatumbukiza mkia majini, kisima kikawa chekundu, na hakuna aliyelalamika.

Basi, wanangu, shikeni funzo: msichore kwenye kuta. Picha hazijamfaa mtu tangu dunia iumbwe.

Ngano yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, mtemeeni jirani.