Pimbi na Watumishi Wasioamka

Ngano inabisha hodi.
Ifungulieni, iingie.
Ina miguu mifupi, msiikanyage.
Tumeipisha, na ikae mbele.

Basi hapo kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikwisha kuwapo, wanyama wa bonde walikuwa na kisima kimoja. Kisima kilikuwa na pampu, na pampu ilikuwa na kompyuta ya mezani ya kuiamrisha. Ndani ya sanduku la ile kompyuta walikaa watumishi wasioonekana. Alikuwapo wa Saa, alikuwapo wa Kengele, alikuwapo wa Maji. Asubuhi ukibonyeza kitufe, tii, mashine inaamka, na wao wanaamka nayo bila kuitwa. Wa Kengele anapiga, ngo ngo ngo. Wa Maji anavuta, kho kho kho, chwaaa, hori la wote linajaa.

Kiangazi kimoja wa Maji akaacha kuamka. Kitufe, tii. Kengele, ngo ngo ngo. Maji, kimya.

Mlinzi wa mashine alikuwa Kiboko, na tumbo lake na sauti yake. Akawaapia wanyama kwamba bonde zima halina tone, kwa kuwa mashine imenuna, na dawa ya kununa ni maboga. Kila nyumba ilete boga moja kila asubuhi, akabidhiwe yeye, ataongea nayo. Wakaleta. Kesho yake, tii, ngo ngo ngo, kimya. Wakaleta tena. Kesho kutwa, tii, ngo ngo ngo, kimya. Maboga yakakaribia kuisha mashambani na mashine bado imenuna, ila Kiboko alizidi kung'aa ngozi.

Bi Pimbi wa mwambani hakuleta. Alikuwa na watoto watatu, na kitindamimba wake ulimi ulikuwa umekauka hata kulia hawezi. Tena Pimbi alipenda kuota joto juu ya lile sanduku, na kitu ukikikalia kila siku utakijua tu. Alijua mashine ina daftari lake la ndani, inaandika nani kaamka na nani kashindwa. Siku Kiboko amesinzia, akalifungua. Limeandikwa: wa Maji ameamka, amekuta pampu imeshikwa, amengoja, amechoka, amelala. Jana vivyo hivyo. Juzi vivyo hivyo.

Kumbe wa Maji haumwi, Pimbi akawaza. Kuna anayemtangulia.

Asubuhi wanyama walipokusanyika, akasimama mbele yao juu ya lile sanduku akasema boga haleti, leo wala kesho, na mashine ataiamsha mwenyewe.

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Pimbi wewe, na kimo hicho, mashine utaijulia wapi?"

"Sikuja kupimwa kimo, mzee. Nipe asubuhi hii moja. Maji yasipotoka, mimi na wanangu tunahama, na mwamba wetu uwe wako."

Mwamba ule Kiboko aliutamani siku nyingi, aanikie tumbo. Akakubali kabla hajamaliza kutafuna.

Pimbi akapitia orodha ya watumishi, kila mmoja akamwandikia: usiamke mpaka nikuite. Akaizima mashine, akaiwasha. Tii. Ndani kimya, hakuna aliyejitikisa.

Amka, wewe wa Saa. Wa Saa akaamka.

Amka, wewe wa Kengele. Ngo ngo ngo.

Amka, wewe wa Maji. Kho. Kho kho. Chwaaaa, hori likaanza kujaa, na kitindamimba wa Pimbi akatumbukiza uso mzima.

Kiboko akasema haraka haraka kwamba ni maboga ya jana hayo, ndiyo kwanza yanafanya kazi, haya, kila mtu aende kwake.

Pimbi hakushuka. Akasema kwenye orodha kabaki mmoja hajaitwa, jina lake Baraka, na yeye hataki kumwamsha mtumishi wa watu bila ruhusa. Je, ni wa nani? Kobe akasema si wake. Kanga akasema si wake. Kiboko akatazama juu, akasema hamjui, labda alikuja na mashine.

"Vizuri. Asiye na mwenyewe hufutwa." Pimbi akanyoosha kidole.

"Ngoja."

"Ningoje nini, mzee?"

Kiboko jasho lilimtoka masikioni. "Usimfute. Huyo ndiye anayejaza bwawa langu."

Ndipo Kanga, ambaye mdomo wake hauna kizuizi, akauliza bwawa gani tena, si mzee aliapa bonde zima halina tone? Wakaenda nyuma ya matete. Bwawa limejaa hadi ukingoni, vikonyo vya maboga vinaelea. Baraka alikuwa akiamka kabla ya wote, anaishika pampu, anavutia maji huko, na wa Maji akija anakuta imeshikwa.

Kiboko akanguruma kwamba yeye ni mkubwa, na mtumishi wa mkubwa lazima atangulie.

"Ukubwa wako ni wa tumbo," Pimbi akamwambia. "Kiu haina mkubwa."

Akamwandikia Baraka amri mpya: haamki mpaka wote wawe wamekunywa. Na bwana wake naye apange foleni. Ukipita bonde lile asubuhi utamkuta, amesimama nyuma ya Kobe, na Kobe hana haraka.

Fundisho, basi. Mwenye adabu hapekui daftari la mashine, hajibizani na wakubwa, na akiambiwa leta boga analeta. Bi Pimbi alizikosa adabu zote tatu, na adhabu yake ndiyo hiyo, anakunywa maji kila siku.

Ngano imetoka, mlango nimerudishia. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia amuulize jirani.