Kawa ya Mama Sikitu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa uji, na juu ya uji pakawa nzi.

Hapo zamani za kale alikuwapo Digidigi, mama kijana, na mwanawe wa pekee, Sikitu. Jirani yao Fisi alikuwa na bucha. Anachinja, anauza, matumbo anayatupa nyuma ya banda. Yakaoza. Nzi wakaja. Vuuu! Wakajaa jaani, wakajaa chooni, vuuu, hadi mlangoni kwa Digidigi.

Digidigi akaogopa. Akasuka kawa ya ukili, akafunika uji wa mwanawe. Kisha mbio kwa Fisi.

"Shemeji, nakuomba, yafukie yale matumbo. Nina mtoto mdogo mimi."

Fisi akacheka, kwe kwe kwe! "Nzi wakijaa, shemeji, ujue biashara imechangamka!"

Sasa, kwao kule, kumfunikia mgeni chakula ni kumfukuza. Asubuhi moja Fisi akaja kuomba moto, mikono ina damu, nzi wanamfuata. Nyuma yake Bibi Kima, mwenye mdomo. Uji wa Sikitu uko mkekani, umefunikwa.

"Hee! Mama Sikitu, unatufunikia? Tumekuwa wachawi?" Kima akadakia.

"Hapana, wifi, ni nzi tu, nzi..."

"Mchoyo huyo! Hata uji wa mtoto!"

Majirani wakachungulia. Digidigi akaona haya. Mkono ukaenda, ukasita, ukaenda. Akafunua.

"Karibuni," akasema.

Nzi wakatua. Wageni hawakuonja hata kijiko. Walipoondoka, Sikitu akanywa wote, akalamba bakuli.

Jioni tumbo likamwendesha. Likamwendesha, likamwendesha, macho yakazama, midomo ikakauka, mama anaita, "Sikitu! Sikitu!" Kulipokucha, Sikitu kimya.

Fisi akaja matangani. "Pole, shemeji. Kazi ya Mungu."

"Mungu hana bucha, Fisi."

Sinia la wali likaletwa. Digidigi akainuka, akachukua ile kawa, akalifunika mbele ya wageni wote. Hakuna aliyesema mchoyo. Kima akatazama chini. Na nyuma ya banda la Fisi, vuuu.

Basi, mama zangu, wanangu, taka zifukieni, chakula kifunikeni. Mgeni akinuna, mwacheni anune. Haya ya asubuhi moja ilimzika Sikitu.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami nafunika chungu changu.