Maneno ya Mbweha Juu ya Jabali

— Nitoe, nisitoe?
— Toa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!

Hapo kale na kale, bonde zima lilikuwa la Simba. Mto wa Simba, majani ya Simba, hata vumbi la Simba. Wanyama wengine kazi yao kulima tu. Wakivuna vikapu vitatu, viwili huenda kwake.

Alikuwapo Muhanga, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Sikudhani. Mumewe alilima, akalima, akalima, hata akaanguka na jembe mkononi. Akazikwa mumo humo shambani.

Simba akafa, hakuacha mtoto. Wanyama wakasema, "Tuchague mkubwa wetu."

Mbweha akasimama, ulimi laini kama mafuta. "Ndugu zangu, ardhi ni ya anayeilima! Nipeni ukubwa, kila mtu awe na shamba lake."

Muhanga akalia kwa furaha.

Siku moja Muhanga na shoga yake Nungunungu walikuwa wakifyeka vichaka nyuma ya boma la Simba. Wakakuta jabali lina maandishi. Nungunungu akasoma: "Mlimaji asimiliki ardhi, maana akishiba atauliza. Na mtoto wa mlimaji ni mali ya shamba, kama jembe. Nimeandika mimi Mbweha, karani wa Simba."

Baraza likaitwa.

"Bwana Mbweha, maneno haya ni yako?"

"Si yangu. Mbweha tuko wengi."

Baraza la pili, akaletwa Kinyonga, aliyemshikia tindo alipokuwa akichonga. Mbweha akainama. "Ni yangu. Lakini nilikuwa kijana, nakula mkononi kwa Simba. Ningeandika nini?"

Baraza la tatu, Mbweha akalia mbele ya watu, machozi yakamlowesha kifua.

Nungunungu akasema, "Vyema. Tindo hii hapa. Twende ukayafute."

"Dada yangu, jabali lina haraka gani? Nikishapewa ukubwa nitalifuta, nanyi nyote mkitazama."

Wanyama wakanong'ona. Mwisho wakasema, "Mjane ndiye aliyeumizwa kuliko sote. Na aseme yeye."

Muhanga akayatazama yale machozi. Akalifikiria shamba, na kaburi lililomo. Alilitaka mno shamba lile. "Mwacheni," akasema. "Nani asiyekosa?"

"Shoga, chozi halifuti jiwe!"

"Mwache, shoga yangu."

Mbweha akapewa ukubwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, fisi wa Mbweha wakaingia shambani kwa Muhanga. "Shamba hili la bwana mkubwa. Na binti huyu ni wa shamba."

"Bwana mkubwa aliahidi!"

"Aliahidi, ndiyo," fisi wakamjibu. "Lakini aliandika."

Wakamfunga Sikudhani kamba. "Mama! Mama!" Muhanga akakimbia mpaka bomani, akajitupa miguuni pa Mbweha.

"Bwana, nirudishie mwanangu!"

Mbweha alikuwa akila. Hakuinua hata macho. "Mama, nilikuficha nini? Mlisoma wenyewe, mkanipa wenyewe."

Muhanga akaenda kwenye jabali. Akayakwaruza maandishi kwa kucha, akakwaruza, damu ikamtoka. Hata herufi moja haikung'oka. Fisi wakamkuta hapo, wakamfukuza bondeni.

Sikudhani alizeekea kwenye jembe. Mama yake hakumwona tena.

Tangu siku hiyo Muhanga huchimba shimo, akalala, kukicha akaliacha akachimba jingine. Hana imani na udongo wowote. Kila mahali anaona pana mwenyewe.

Basi, jamaa zangu, anayetaka ukubwa akiwaonyesha machozi, mwonyesheni tindo. Aliloliandika asipolifuta kwa mkono wake, atalitenda kwa mkono huo huo.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliye na nguvu na aibebe aende nayo kwake.