Siku Ngurumo Walipofungwa na Kokoto

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wahenga waliotuachia kauli hii hawakutaja walikuwa mashabiki wa timu gani, lakini ukiisikiliza vizuri utajua kwamba waliwahi kufungwa, tena nyumbani, tena dakika za mwisho. Maana yake ni kwamba anayeingia mashindanoni ameingia kwenye nyumba yenye milango miwili, wa kushinda na wa kushindwa, na asiyekubali kupita huu wa pili hakustahili kubisha hodi. Mwenye shaka na asikilize yaliyompata fundi cherehani mmoja, mtu mzima, mwenye akili timamu siku zote isipokuwa siku za mechi.

Fundi huyo alikuwa bingwa wa suruali. Ukipita mbele ya duka lake alikupima kwa jicho, akajua kiuno chako na akajua pia kwamba umeanza kunenepa, na yote mawili alikuambia bila kuulizwa. Duka lilikuwa na cherehani mbili, pasi nzito, rafu ya vitambaa, na juu ya rafu hiyo televisheni ndogo iliyofungwa kwa waya mara tatu kama mfungwa aliyewahi kutoroka. Moyoni mwake mlikuwa na mapenzi mawili: mkewe, aliyekuwa mkunga, na Ngurumo, timu ya mpira wa miguu. Ni yupi aliyetangulia kati ya hao wawili ni swali ambalo mkewe, kwa hekima yake, hakuliuliza siku za Jumamosi.

Ngurumo walikuwa wametwaa ubingwa mara tano mfululizo, na kwa misimu mitatu hawakuwa wamefungwa na mtu. Juu ya hayo, mlinda mlango wao, kijana mrefu kama mlingoti aliyepewa jina la Komeo kwa sababu akifunga lango limefungwa, alikuwa mwana wa pekee wa Fundi. Hapo ndipo kichwa cha Fundi kilipovimba hata kofia alizoshona mwenyewe zikamkataa.

Asubuhi moja, siku ya pili baada ya Ngurumo kushinda kwa bao moja, wapenzi wa mpira walikusanyika dukani kwake. Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni na hasira kifuani.

"Moja bila!" alinung'unika. "Mabingwa wazima, moja bila! Huko si kushinda, ni kunusurika."

"Lakini mmeshinda, Fundi," alisema Kisigino, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, shabiki wa Kokoto, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. "Sisi wiki iliyopita tulipata kona tatu, tukakumbatiana."

"Ndiyo maana mko mkiani."

"Mkia nao ni sehemu ya ng'ombe, bwana. Nzi akija, unaoitwa ni mkia."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akingoja suruali yake huku amejifunga shuka kiunoni, akaona ni wakati wa kuongeza elimu. "Kimahesabu, Fundi, mechi zikizidi kuwa nyingi, ya kufungwa haina budi kuja. Mnawatwika vijana mzigo usiobebeka."

"Mzigo gani? Simba hapigiwi makofi kwa kukamata panya. Ngurumo wakishinda, washinde tatu. Wakishinda tatu, nitauliza kwa nini si tano. Wakubwa huombwa makubwa."

"Simba naye siku akikosa windo hulala njaa," Kisigino alisema taratibu. "Wanawe hawamkimbii."

"Falsafa za mkiani hizo," alijibu Fundi, akachomoa pini moja mdomoni na kumchoma nayo mwalimu kwa bahati mbaya.

Mtaa huo ulikuwa na desturi yake. Timu za majirani wawili zikikutana, yule ambaye timu yake imefungwa alipaswa kumfuata mwenzake kazini kwake kabla jua halijazama, ampe mkono na kusema kwa kinywa chake, "Leo mmetushinda." Maneno mawili tu. Hakukuwa na ruhusa ya kumtaja mwamuzi. Desturi hiyo waliiita kupeleka mkono. Kisigino alikuwa amevuka barabara kupeleka mkono mara kumi na tatu mfululizo, na kila mara alirudi kwenye viatu vyake akipiga mluzi. Fundi alipaswa kuupeleka mara moja tu, miaka saba iliyopita, na siku hiyo alipatwa na maumivu ya mguu ambayo tiba ya kisasa haijayapatia jina. Alimtuma mkewe.

Ratiba ikaamua kwamba mechi ya mwisho ya msimu iwe kati ya Ngurumo na Kokoto. Ngurumo walihitaji sare tu ili watwae ubingwa wa sita. Kokoto walihitaji ushindi, la sivyo washuke daraja. Fundi hakuona haja ya kungoja matokeo. Alishona bango la kitambaa lenye urefu wa mita kumi, akaandika MABINGWA MARA YA SITA, akalitundika juu ya barabara kutoka paa lake hadi paa la Kisigino. Ngazi alishikiwa na Kisigino mwenyewe, kwa kuwa mtu muungwana hamwachi jirani aanguke, hata akiwa anapanda kumtukana.

Alhamisi kabla ya mechi, Komeo alipita dukani kuchukua glavu zake, ambazo baba yake alikuwa amezishona upya mikanda. Alikaa kwenye kigoda, vidole viwili vikiwa vimezungushiwa plasta, akatazama sindano ya cherehani ikipanda na kushuka.

"Baba," alisema, "na tukifungwa je?"

Fundi alicheka hadi mguu ukaacha kukanyaga cherehani. "Mfungwe na nani? Na wale wanaoshangilia kona?"

"Nauliza tu, baba. Ikitokea."

"Haitokei. Usiniletee uchuro dukani."

Kijana alichukua glavu. "Ahsante, baba," alisema, akaondoka. Jicho lililopima viuno vya mtaa mzima halikuupima mzigo uliokuwa mabegani mwa mwanawe.

Jumamosi alasiri duka lilijaa pomoni. Kisigino alikaa kwake, na redio yake ndogo. Ngurumo walishambulia, wakakosa. Kokoto nao, kama watu waliokwisha kuaga dunia na hawana cha kuogopa, walishambulia pia. Komeo alipangua mpira huu, akaudaka ule, akaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Fundi hakumsifu. Alikuwa akiwafokea washambuliaji kupitia kioo cha televisheni, kwa imani kwamba walikuwa wakimsikia.

Dakika ya themanini na tisa ikaja krosi laini kama salamu ya asubuhi. Komeo aliruka, akaukamata mpira, kisha ukamponyoka kama sabuni. Kijana mmoja mfupi wa Kokoto, mwenye bukta ya mtu mwingine, akausukuma wavuni kwa goti. Haikuwa hata kwa mguu.

Ng'ambo ya barabara ukasikika ukelele mmoja tu, wa redio au wa Kisigino. Filimbi ya mwisho ilipolia, kamera zilimwonyesha Komeo akiinuka kutoka magotini, akitembea hadi kwa yule mfupi, akimpa mkono, kisha akimkumbatia.

"Anamkumbatia!" Fundi alipaza sauti, akanyanyuka, akazima televisheni. "Mtu aliyemfunga, anamkumbatia! Huyo si mwanangu. Mwanangu hafungwi."

Watu walitazamana, wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka shughuli ambayo hakuwa nayo. Walipokwisha kutoka, aliyebaki mlangoni ni mkewe, ndiyo kwanza anatoka kazini, simu mkononi. Maneno yale alikuwa ameyasikia yote.

"Nimezalisha watoto wengi, mume wangu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyetoka tumboni na cheti cha kwamba hatafungwa. Huyu wako nilimzaa mwenyewe. Naye hakuwa nacho."

"Mke wangu, si wakati wa…"

"Amepiga simu. Wachezaji wamepewa likizo, wote wanakwenda kwao. Yeye haji. Anasema atakaa kambini peke yake mpaka hasira zako zipoe. Kaniuliza, 'Mama, safari hii zitakuwa siku ngapi?'"

"Siku ngapi za nini?"

"Ile sare ya mwezi wa tatu ulimnunia siku tisa. Alizihesabu, baba yake. Leo kafungwa, na ubingwa umekwenda. Mtoto anapiga hesabu."

Fundi aligeukia rafu ya vitambaa. Alijishughulisha kukunja kitambaa kilichokuwa tayari kimekunjwa.

"Na jua linashuka," mkewe aliendelea. "Mkono wa Kisigino utapelekwa na nani?"

"Nenda wewe."

"Miaka saba iliyopita nilikwenda. Komeo alikuwa na miaka kumi na miwili, tulivuka naye. Akaniuliza njiani, 'Mama, baba anaumwa wapi?' Siendi tena."

Barabara ile ilikuwa na upana wa hatua kumi na moja. Fundi alipiga moyo konde, akaingia barabarani, akapita chini ya bango lake mwenyewe bila kulitazama. Alimkuta Kisigino ameketi na kiatu kimoja mapajani, macho mekundu kwa machozi ya furaha, lakini amejizuia kushangilia. Fundi alisimama. Akakitazama kiatu. Akakisifu kiatu. Kisigino akangoja.

"Leo," alisema Fundi, akakohoa. "Leo mme…" Akakitazama tena kiatu, lakini sifa zake zilikuwa zimekwisha. Akanyoosha mkono. "Leo mmetushinda."

Kisigino aliupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, fundi mwenzangu. Najua ulivyo mzito. Nimeubeba mara kumi na tatu."

"Uliwezaje?"

"Nilikuwa nikirudi nyumbani nakuta chakula kimeiva na watoto wangu wananingoja. Mpira una miguu tu, hauna mkono wa kuninyang'anya hayo." Alimtazama. "Lakini Komeo umemwona? Kabla ya lile moja aliokoa sita. Mimi nilizihesabu, kila moja na laana yake. Wewe baba yake ulihesabu ngapi?"

Fundi hakuwa amehesabu hata moja. Aliomba baiskeli ya Kisigino, akaipanda, akaondoka na tepu ya kupimia ikipepea shingoni.

Nje ya kambi ya Ngurumo mashabiki walikuwa wamejazana langoni, wakimtaja Komeo kwa majina yasiyoandikika. Mmoja akamtambua. "Fundi! Afadhali umekuja. Nenda ukamwambie huyo kipa wako!"

"Ndilo lililonileta," alisema Fundi, nao wakampisha kwa shangwe.

Alimkuta Komeo uani, peke yake kwenye benchi, begi miguuni. Kijana aliinuka haraka kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya bweni na mwalimu wa zamu.

"Baba, samahani. Mpira uliteleza, sijui…"

"Kaa, mwanangu." Fundi mwenyewe alibaki amesimama. Akanyoosha mkono. "Nimeleta mkono."

"Kwangu? Si mimi niliyefungwa, baba?"

"Umefungwa bao moja. Ukainuka, ukamfuata aliyekufunga, ukampa mkono ulimwengu mzima ukitazama. Mimi nina miaka hamsini na minne, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka barabara. Tena nimesema maneno ambayo hayafai kusemwa na baba, na mama yako ameyasikia. Leo umenishinda."

Komeo aliutazama mkono ule, na vidole vilivyokuwa vigumu kwa miaka ya sindano. Akaushika. Ndipo mabega aliyokuwa ameyakaza tangu filimbi ya mwisho yalipoanza kutetemeka, na Fundi akamvuta kifuani. Kwa kuwa mwana alikuwa mrefu kuliko baba, Fundi alilazimika kusimama kwa ncha za vidole, hali iliyopunguza heshima ya tukio lakini haikupunguza kitu kingine chochote.

"Uliokoa sita," alimnong'oneza. "Nimeambiwa."

"Nane, baba."

"Nane," Fundi alikubali.

Walitoka pamoja, begi likiwa juu ya baiskeli, baba akisukuma. Pale langoni yule shabiki aliuona mkono wa Fundi ulivyotulia mgongoni kwa mwanawe, akawapisha. Walitembea mpaka kelele zikabaki mbali.

"Kwa hiyo zitakuwa siku ngapi, baba?"

"Mama yako anapika. Tukichelewa tutanuniwa sisi."

Komeo alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu Alhamisi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu pasi ya moto kwa kidole, "Na mwakani?"

Fundi alivuta pumzi ili aahidi kombe, na mabao matatu kila mechi, na kama inawezekana matano. Pumzi ilikaa ndani muda mrefu, ikatoka bila kombe.

"Mwakani mtacheza," alisema. "Nami nitakuja kukutazama wewe."

Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa shabiki kwa miaka arobaini alivyoanza rasmi kushindana, siku ile ile timu yake ilipopoteza kila kitu. Kwani asiyekubali kushindwa si mshindani.