Karakana Iliyofungwa Mchana Kweupe

Katika mtaa wetu hakuna anayejua methali kunishinda mimi. Nyingi nazijua nusu, na nusu iliyobaki najaza mwenyewe. Hii moja naijua nzima kwa sababu ni fupi: njia ya mwongo ni fupi. Maana yake, asemaye uongo hafiki mbali. Ukweli humkuta bado anafunga kamba za viatu.

Palikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa akitengeneza vyerehani. Watu walimwita Bi Cherehani, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Kwa miaka ishirini na minane karakana yake ilikuwa barabara kuu, ubavuni mwa duka la vitambaa, na mshonaji yeyote ambaye cherehani chake kilianza kuruka mishono alijua pa kwenda. Kisha jengo lile likavunjwa. Bi Cherehani akahamia uchochoroni, nyuma ya kiwanda cha matofali, katika chumba chenye dirisha moja na mlango wa kusukumwa kwa goti. Wateja wakayeyuka kama umande juani.

Mwanawe wa pekee akamwambia, "Mama, mwezi huu ukiisha bila kazi, uza hivyo vyuma uje ukae kwetu. Chumba kipo."

Bi Cherehani alimpenda mwanawe, na mkwewe pia. Lakini alijua kwamba mgeni, hata akipendwa vipi, haulizwi leo kipikwe nini. Alitaka kula jasho lake mwenyewe.

Hapo ndipo alipojitokeza shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mtaani aliitwa Mtaalamu. Utaalamu wake ulikuwa wa nini, hakuna aliyejua, ila alitembea nao kila mahali.

"Shemeji," alisema, "siku hizi watu hawaulizani njia, wanaiuliza simu. Ngoja nikuweke kwenye ramani ya mtandaoni. Mtu akiandika 'fundi cherehani', unatokea wewe, na mshale wa kumleta mpaka mlangoni."

"Nitatokea hata nikiwa msalani?"

"Litakalotokea ni duka, shemeji."

Akapiga picha nne za mlango, akaandika namba ya simu, akaweka alama ya mahali sawasawa juu ya bati la karakana. Haki yake tumpe, hapo hakukosea.

"Unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Unafunga?"

"Saa kumi na mbili."

Mtaalamu akaandika 2, kisha akaandika 12. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, naye tangu azaliwe hajawahi kukosa uhakika. Akabonyeza ndiyo.

"Hebu nisomee nisikie," akasema Bi Cherehani.

"Vitu hivi havisomwi, shemeji. Vinabonyezwa."

Wiki ya kwanza ikapita bila mtu, ya pili ikafuata nyayo za mwenzake. Kila alipoulizwa, Mtaalamu alijibu kwamba huutazama ukurasa ule kila siku alasiri na duka linaonekana wazi, linang'aa. Alasiri hakuwa ameutazama hata kwa jicho moja.

Zilipobaki siku nne mwezi uishe, kama saa tano na nusu asubuhi, aliingia mwalimu wa ushonaji wa chuo cha ufundi. Alikuwa anahema, na mikononi amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mgonjwa.

"Afadhali nimekuwahi, fundi. Zimebaki dakika thelathini ufunge."

"Nifunge nini, mwalimu? Mimi nipo hapa mpaka saa kumi na mbili jioni."

Mwalimu akamwonyesha simu. Pale palisomeka kwamba karakana hufunguliwa saa nane za usiku na kufungwa saa sita mchana.

"Nilidhani unafanya kazi na popo," alisema mwalimu. "Tuna vyerehani kumi na viwili. Asubuhi viko darasani, vinapumzika alasiri tu, na kila nikitafuta fundi alasiri naambiwa umefungwa. Mkuu wa chuo amesema tusipopata fundi wa alasiri wiki hii, kazi ya mwaka mzima inakwenda kwa fundi wa mji mwingine."

Bi Cherehani akaitazama ile 2 na ile 12, akaelewa. Sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu jua likichomoza. Simu huanza saa sita za usiku. Washonaji nao hushona asubuhi na kutafuta fundi alasiri, simu ikiwaambia amefunga.

Wakati huohuo Mtaalamu akaingia, kama kawaida yake chai inapokaribia kuiva.

"Shemeji, uliweka saa gani hapa?"

"Za sawasawa. Jana alasiri nimetazama, iko wazi. Mtandao hujibadilisha wenyewe. Hamniamini, someni maoni ya mteja hapo chini. Mama mshonaji, tena mjane. Alikuja jioni akahudumiwa, akatoa nyota tano."

Mwalimu akasoma. "Fundi, mteja huyu ningependa kuzungumza naye. Mkuu atataka kusikia kutoka kwa mtu aliyetengenezewa."

Mtaalamu akamkonyeza shemeji yake. Neno moja dogo lilitosha, na vyerehani kumi na viwili vilikuwa ng'ambo ya neno hilo. Bi Cherehani akafuta mafuta mikononi, kidole baada ya kidole.

"Mwalimu, huyo simjui. Tangu nihamie hapa sijapata mteja wa jioni. Weka mezani hicho ulichobeba, kitakwambia chenyewe."

Akakifungua, akang'oa uzi uliosokoteka chini ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akarekebisha mwendo wa sindano. Kabla ya saa sita mishono ilikuwa imepangana kama siafu safarini. Mwalimu akavuta kitambaa huku na huku, mshono ukakataa kuachia.

"Mkuu nitamwambia kazi ibaki hapa," alisema. "Viwili vya kwanza naleta kesho alasiri. Lakini hizo saa zirekebishwe leo."

"Zitarekebishwa," akasema Bi Cherehani. "Ila yule mama aliyeandika, shemeji, nataka nimshukuru. Anakaa wapi?"

"Amehama," akajibu Mtaalamu.

"Nipe namba yake."

"Hana simu."

"Maoni kaandikia nini?"

"Aliazima."

Mwalimu alikuwa ameshabonyeza picha ndogo ya duara iliyo kando ya yale maoni. Ikapanuka ikajaa kioo kizima. Akampa Bi Cherehani, naye akaitazama, akamtazama shemeji yake, akairudia.

"Namwonea huruma mama huyu," alisema taratibu. "Mjane, simu hana, halafu kaota ndevu. Na hilo shati alilovaa ndilo ulilovaa wewe."

Mtaalamu akainama kulitazama shati, akachelewa kukumbuka kwamba hakupaswa kulitazama. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.